Dakika 6 za wakili

Ankara ya wakili wangu wa talaka imeingia Jumanne usiku nikiwa zamu. Nimeifungulia chooni ili wazee ninaowahudumia wasinione uso. Mstari wa nne: simu, dakika 42, vipande 7, pauni 168. Mstari wa tano: kusoma barua pepe ya mteja, kipande 1, pauni 24. Hiyo barua pepe naikumbuka neno kwa neno. Niliandika, "Asante sana, nimepokea, Mungu akubariki." Chini kabisa kodi, asilimia 20. Nimelia, nikanawa, nikarudi kumgeuza bibi wa chumba cha 9.

Kwa asiyejua, mawakili wengi huku Uingereza wanahesabu muda wao kwa vipande vya dakika 6. Ukiongea dakika 2 umelipia kipande kizima, ukifika ya 7 umelipia viwili. Wangu ni pauni 240 kwa saa, kodi bado. Mimi nalipwa pauni 12 na ushee kwa saa. Saa yake 1 na kodi yake inakaribia kumeza zamu zangu 2 za saa 12, kabla sijakatwa chochote. Piga kwa shilingi mwenyewe, halafu uwaambie wale wanaosema "huyo si yuko Ulaya".

Lakini bei aliniambia siku ya kwanza nikasaini. Kinachoniuma ni nilichokisema ndani ya zile dakika 42. Nilimsimulia ndoa yangu. Tangu posa, tangu mshenga alivyokuja kwetu Tandika, Dar es Salaam, na barua, mpaka meseji za yule mwanamke, mpaka siku baba watoto alipohamisha pesa ya kikoba changu bila kuniuliza. Nilisimulia kama ninavyojua kusimulia jambo la ndoa. Kwetu ndoa ikiyumba wanaitwa wazee, mkishindikana mnakwenda Baraza la Usuluhishi kwenye kata, na kila mtu anaanza mwanzo, hakatizwi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yenyewe kwa kawaida inakutaka upite barazani kabla hujafika mahakamani. Maneno yako ndiyo uzito wako.

Hapa hayana kazi. Tangu tarehe 6 Aprili 2022, England na Wales hawaulizi nani kakosa. Mmoja wenu, au wote wawili, mnatamka kwamba ndoa imevunjika isirekebishike, basi. Mwenzako hawezi kukupinga kwa kusema bado anakupenda. Ombi unalijaza mwenyewe mtandaoni, unalipa ada (mwaka 2025 ilikuwa pauni 612), unasubiri wiki 20 uombe amri ya kwanza, kisha wiki 6 na siku 1 uombe ya mwisho. Ukiwa na kipato kidogo na akiba ndogo, unaomba upunguziwe ada au usamehewe. Yote haya ningeambiwa dakika ya tano! Angenikatiza tu kwa heshima, "dada, hilo mahakama haliulizi". Alinyamaza akasikiliza kwa upole, na upole ule nimeulipia.

Aliyenikatiza ni mama mmoja mstaafu, nywele zote nyeupe, anayejitolea Jumatano kwenye maktaba ya mtaa wetu. Nilikwenda na ankara mkononi, nikaanza tena posa na mshenga. Akaweka kiganja juu ya karatasi zangu, akasema, "Hayo yote nayaamini. Sasa nionyeshe taarifa za benki." Akanichorea safu mbili: tulicho nacho, tunachodaiwa. Tulikaa saa nzima na robo. Nilipotoa pochi akasukuma mkono wangu. Nimeishi nchi hii miaka 11, sijawahi kuguswa namna ile na mtu asiyenijua.

Yeye ndiye aliyenifumbua kwamba talaka na mali ni vitu viwili. Talaka ikitoka, madai ya mali yanabaki wazi mpaka mahakama itoe amri ya fedha. Mkikubaliana, makubaliano yaandikwe yapitishwe na jaji. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilimruhusu mwanamke aliyetalikiwa mwaka 1992 aendelee kumdai aliyekuwa mumewe, kwa sababu hakukuwa na kumbukumbu ya amri iliyofunga madai yao. Wakili nimembakizia kazi moja: kukagua hayo makubaliano kwa bei ya jumla tuliyoafikiana.

Mnaojiandaa kuja, na mliokwisha kuja mkiwa na ndoa, nisikilizeni. Beba cheti cha ndoa halisi, kikiwa Kiswahili kitupu kitahitaji tafsiri iliyothibitishwa. Ndoa iliyofungwa nyumbani kihalali inatambulika huku, lakini wale wanaofungia nikaha sebuleni hapahapa bila kuandikisha serikalini, mjue Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 2020 kwamba hiyo si ndoa mbele ya sheria, na kwenye mali utasimama kama hawara. Ukiwa na viza ya mwenza, muone mshauri wa uhamiaji kabla hujawasilisha chochote. Msaada wa wakili wa serikali kwa kesi hizi ulikatwa tangu Aprili 2013. Kwa waliopigwa au kunyanyaswa bado upo, lakini unataka ushahidi, kwa hiyo daktari aandike, polisi waandike, usifiche jeraha kwa aibu ya jumuiya.

Na kuna Fomu E, fomu ya kuieleza mahakama mali na madeni yako. Ukifika hatua ya kuijaza, inataka taarifa za benki za miezi 12, mafao ya uzeeni ya kila mmoja (hayo wengi wetu tunayasahau, na ya mume yanaweza kuwa makubwa kuliko nyumba), na kila mali popote duniani. Popote. Mimi nina kiwanja Kigamboni. Nilikilipia kwa zamu za usiku, kikaandikwa jina la shemeji yangu kwa sababu "wewe uko mbali". Nyumbani Mahakama ya Rufani ilisema tangu mwaka 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed, kwamba hata kazi ya mke nyumbani ni mchango kwenye mali. Mimi nimetuma pesa taslimu, na jina langu halipo.

Risiti za kutuma pesa ninazo 31 kati ya 40. Shemeji hapokei simu. Jumamosi dada yangu anavuka kwenda kwa mjumbe aliyeshuhudia mauziano, aone kama bado ana nakala. Nimemtumia nauli, na mara hii nimeihifadhi risiti.