Merikebu za Boston

Leo nimesimama mbele ya mchoro mmoja hadi miguu ikauma. Ni Bandari ya Boston, kazi ya Fitz Henry Lane ya rangi za mafuta, aliyoichora kati ya 1850 na 1855. Uko kwenye jumba la makumbusho ya sanaa hapa hapa mjini Boston. Jua linazama, merikebu zimetulia, na maji ni shwari kama ya mtungini. Unaogopa hata kukohoa, usije ukayatibua.

Lane alipooza miguu tangu utotoni, akatembea kwa magongo. Lakini tazama milingoti na kamba zake! Kila kitu kiko mahali pake.

Mimi mawazo yakaenda Unguja. Enzi hizo hizo merikebu za jimbo hili la Massachusetts, hasa za mji wa Salem, zilitia nanga kwetu, zikishusha vitambaa vya pamba na kupakia pembe za ndovu na sandarusi. Ndiyo ile merikani aliyokuwa akiitaja bibi, na mimi nikidhani ni jina tu la kitambaa.

Nilipotoka nikampigia mama, nikamsimulia mchoro wote, tanga kwa tanga.