Chipukizi cha nani?

Leo tumekata mashina mengine ya migomba kule Kabare. Ukilikata shina linatoa usaha wa manjano. Ndizi kwa nje unaziona nzima, ukizipasua nyama imegeuka kahawia, hazifai kupika wala kasiksi, bia yetu ya ndizi. Huo ndio mnyauko, ugonjwa wa bakteria wa migomba. Ulionekana Masisi, Kivu Kaskazini, mwaka 2001, ukateremka mpaka kwetu Kivu Kusini, na hakuna dawa ya kunyunyiza. Tunachoweza ni kuvunja ua dume kwa fimbo yenye panda, na kupitisha panga motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Mama mkubwa hafanyi uvivu, anachoma panga kila mara. Jirani hachomi, na nyuki wanaobeba ugonjwa toka ua hadi ua hawajui mpaka wa shamba.

Kwa hiyo mabishano ya OGM, mimea iliyobadilishwa jeni, yananihusu. Hapa Bukavu ukiyataja utaambiwa ni sumu, ni kansa. Hofu hiyo mimi haijanishika. Kule Kawanda, Uganda, watafiti waliingiza kwenye mgomba jeni za pilipili hoho, hizihizi tunazokatia kwenye mchuzi, na katika shamba la majaribio migomba kadhaa ikauhimili mnyauko. Tena ndizi zetu hazina mbegu, upepo hautapeleka jeni kwa jirani. Mgomba unasafiri kwa mkono wa mtu, kwa chipukizi.

Na hapo ndipo roho yangu inapokwama. Kwetu chipukizi hakiuzwi kwa ndugu. Nilipoolewa mama mkubwa alinipa vya kuanzia, na mimi nimeshawagawia wengine. Hicho kipya cha OGM nitampa wifi yangu bila kuomba ruhusa ya mtu? Bunge la Uganda lilipitisha mswada wa sheria ya OGM mwaka 2017, Rais Museveni akakataa kuitia saini, na kati ya hoja zake ilikuwemo haki ya wale waliotunza mbegu za asili. Swali hilo ni letu pia.

Nilipomweleza mama mkubwa aliniuliza mambo mawili tu: "Mwanangu, kasiksi yake itakuwa tamu? Na huyo atakayetuletea, kesho atarudi kutudai nini?"

Kikija Kabare nitakipanda. Ila nataka iandikwe, kwa Kiswahili na kwa Mashi, lugha yetu, kwamba kila mtu ana haki ya kumgawia jirani yake bure. Wakikataa kuandika, wakirudishe walikokitoa, sisi tutaendelea kuchoma mapanga.