Kisanduku cha tivii kimeingia nyumbani

Jamani, nimeshachukua kisanduku cha Android pale Darajani. Muuzaji kanisifia rimoti ya kuongea nayo. Mie nauliza tundu la USB, na kama kinasoma H.265, yaani namna mpya ya kubana video, maana video za aina hiyo hula takriban nusu ya nafasi ya zile za H.264, namna ya zamani. Bando lenyewe la kuungaunga, kutazama mtandaoni kila usiku nani ataweza?

Harusi zote za ukoo, Wete mpaka Makunduchi, ziko kwenye diski ya nje. Ya dada pekee GB 6, na FAT32, mpangilio wa zamani wa kuweka mafaili kwenye diski, haipokei faili linalozidi GB 4, basi diski nimeifomati exFAT, mpangilio usio na kikomo hicho. Bi mkubwa kazi yake kurudisha nyuma pale anapomtunza mwimbaji. Rimoti hatuishiki tena!