Kazi za vikundi kwenye Google Docs: ninavyozipanga ili kila mwanafunzi aandike

Kwenye Google Docs, programu ya mtandaoni inayowawezesha watu kadhaa kuandika hati moja kwa pamoja, kiungo cha hati ndicho kitu cha mwisho ninachowapa wanafunzi. Kabla hakijatoka, hati huwa tayari ina vichwa, majina na mipaka, maana watu wakikutana kwenye ukurasa mtupu, mmoja ataandika na wengine watamwangalia. Sehemu kubwa ya kazi ya mwalimu kwenye mtindo huu iko kabla ya kipindi.

Darasa la wanafunzi 40 nalikata katika vikundi 10 vya wanne wanne, kila kikundi na hati yake. Mfumo unakubali hadi vichupo (kurasa zilizofunguliwa kwenye kivinjari) au vifaa 100 kuhariri hati moja kwa wakati mmoja, hivyo darasa zima lingeweza kuingia kwenye hati moja. Sishauri hata kidogo. Vishale 40 vikicheza pamoja, simu zenye kumbukumbu ndogo huanza kukwama, na anayeandika chini ya ukurasa huona mistari yake ikisukumwa kila wa juu anapoongeza sentensi. Wakiwa wanne, kila mmoja anajua nani yuko wapi.

Hati zote 10 nazitengeneza mimi, kwa akaunti yangu. Naandaa moja ya mfano, nainakili, kisha nazipa majina yanayoanza na 01 hadi 10. Jambo la nani mmiliki wa faili si dogo: mwanafunzi akiwa ndiye mwenye hati, siku akiifuta kabisa kwenye akaunti yake, kikundi kizima kinabaki mikono mitupu.

Ruhusa ziko tatu: kuona tu, kutoa maoni, na kuhariri. Naingiza barua pepe za wanakikundi mmoja mmoja na kuwapa ruhusa ya kuhariri. Njia ya mkato ya kumruhusu kila mwenye kiungo kuhariri ni ya haraka, lakini aliyeingia bila akaunti huonekana kwa jina la mnyama tu, na kwenye historia ya hati, yaani kumbukumbu inayoonyesha kwa rangi nani aliandika nini na lini, haijulikani ni nani. Mwisho wa kazi utakuwa na aya nzuri isiyo na mwenyewe. Kwenye mipangilio ya kushiriki naondoa pia alama inayowaruhusu wahariri kubadilisha ruhusa na kuwaalika wengine.

Ndani ya hati, juu kabisa, nachora jedwali la safu wima tatu: jina, sehemu atakayoandika, na mwenzake atakayemsomea. Chini yake kila mwanafunzi ana kichwa chenye jina lake na swali dogo analolijibu. Kati ya sehemu na sehemu nabonyeza Ctrl+Enter ili kila moja ianze ukurasa mpya. Hiki ni kitu kidogo lakini kinaleta utulivu mkubwa: wa juu anaweza kuongeza mistari kumi bila kumsogeza wa chini, ilimradi ukurasa wake haujajaa. Nilipojaribu kuwapanga wote ndani ya seli za jedwali moja, ilikuwa vurugu. Seli moja ikirefuka, za pembeni yake zinarefuka nayo, na anayetumia simu huishia kuandika kwenye ufito mwembamba wa maneno mawili mawili.

Kazi ikiwa ya mtu binafsi, kiungo nakibadilisha mwishoni: neno edit na chochote kinachofuata naviondoa, naweka copy. Anayekibonyeza anaulizwa kama anataka nakala yake mwenyewe, na hati yangu inabaki salama.

Kipindi cha dakika 40 nakigawa hivi: 5 za kufungua na kuhakikisha kila mtu anaona kichwa chake, 20 za kuandika, 10 za kumsomea mwenzako, 5 za kujibu maoni. Wanaotumia simu nawaambia siku moja kabla waweke programu yenyewe ya Docs, wasitegemee kivinjari. Dakika zile 10 za kusomeana zina sharti moja: kwenye sehemu ya mwenzako huhariri, unapendekeza. Ukiwa katika hali ya mapendekezo, unachoongeza hutokea kwa rangi na unachofuta hukatwa mstari bila kutoweka, na mwenye sehemu ndiye anayekubali au kukataa. Maoni ya pembeni (Ctrl+Alt+M) nayataka yawe swali. "Vizuri sana" haimsaidii mwandishi, "umejuaje kwamba chanzo ni hiki?" inamrudisha kwenye kazi yake.

Sasa, hofu kubwa ya wote: maandishi kutoweka. Mara nyingi mmoja amebonyeza Ctrl+A, inayochagua hati yote, bila kukusudia, kisha herufi moja, na maandishi yote yamekwenda. Hapo kila mtu hukimbilia Ctrl+Z, na ndipo mambo yanapozidi kuharibika, kwa sababu Ctrl+Z ya kila mmoja hutengua alichofanya yeye mwenyewe, haigusi kosa la mwenzake. Kanuni yangu: wote mikono juu, aliyefuta peke yake ndiye abonyeze. Kama ameshafunga hati, fungua historia ya matoleo kwa Ctrl+Alt+Shift+H. Usikimbilie kurejesha toleo la zamani, kwa kuwa linairudisha hati yote nyuma, pamoja na aya nzuri ambazo wengine wameandika tangu wakati ule. Lifungue tu, nakili aya iliyopotea, rudi kwenye hati ya sasa, bandika.

Intaneti ikikatika, hali ya nje ya mtandao inasaidia kwa sharti kwamba iliwashwa mapema, mtandao ukiwepo, kwenye kompyuta ileile, ndani ya Chrome au Edge. Anayeandika akiwa nje ya mtandao asiguse sehemu ya mwenzake. Watu wawili wakirekebisha sentensi moja bila kuonana, mtandao ukirudi mfumo utaunganisha mabadiliko yote mawili, na utapata sentensi yenye vitenzi viwili na isiyo na maana.

Historia hiyohiyo ya matoleo ndiyo ninayosahihishia. Katika alama 20, 14 ni za maandishi ya kikundi na 6 ni za mtu mmoja mmoja, kwa kuangalia alichoandika na maoni aliyotoa. Aya inayokua kawaida ina sentensi iliyoanzwa, ikafutwa, ikaanzwa upya, kisha neno likabadilishwa kesho yake. Aya nyingine hutokea nzima, maneno 200 kwa mpigo mmoja. Hiyo haimaanishi moja kwa moja kwamba imeibwa. Huenda ameiandika kwenye daftari au programu nyingine ya simu kwanza. Namwomba anieleze alivyofikia hoja yake, na jibu lake ndilo ninalolipa uzito. Kumnyima mtoto alama kwa sababu ya rangi kwenye historia pekee ni dhuluma.

Kwa wanafunzi wasio na akaunti, hasa wadogo, natumia Etherpad. Ni programu huria, haihitaji kujisajili: mwanafunzi anafungua ukurasa, anaandika jina lake, anachagua rangi, na kila anachoandika kinabaki na rangi hiyo. Ina kitelezi cha muda kinachoonyesha maandishi yakikua hatua kwa hatua. Angalizo ni mawili. Yeyote mwenye anwani ya ukurasa anaweza kuingia, kwa hiyo tunatumia jina la kwanza tu na hatuweki taarifa binafsi. Pia seva nyingine za wazi hufuta kurasa ambazo hazijaguswa kwa muda fulani, hivyo siku hiyohiyo napakua maandishi.

Muda wa kukusanya ukifika, kwenye kila hati ya Google Docs nalipa toleo la mwisho jina, "Iliyokusanywa", kwa kuwa matoleo yasiyo na jina yanaweza kuunganishwa na mfumo baadaye. Kisha wanakikundi nawabadilisha kutoka kuhariri kwenda kuona tu. Nikihitaji nakala ya kumbukumbu natengeneza, lakini kusahihisha nasahihisha kwenye hati ya asili, maana nakala huanza na historia mpya, na ya nani aliandika nini haiendi nayo.