Mgeni wa Nani

Tangu Jumamosi nimelibeba swali moja, na leo ni Alhamisi usiku, watoto wamelala, nimeona heri niliandike kabla halijanikosesha usingizi kwa usiku wa sita. Wiki yenyewe ilikuwa na makubwa yake, kwani mkataba wa Baba Watoto umeongezwa miaka miwili na mimi nimepata leseni ya udereva katika jaribio la tatu, lakini hayo yamepita kama maji na lililobaki ni lile swali la soko la samaki.

Nilikuwa sokoni Mutrah asubuhi, nikichagua samaki aina ya changu, nikasikia nyuma yangu sauti ya mwanamke mzee ikisema, "Muulize kama nguru huyu ni wa leo." Kwa miezi saba niliyokaa Muscat, Kiswahili nimekuwa nikikisikia nyumbani mwetu na kwenye simu tu, kwa kuwa majirani zetu hapa Al Khuwair wengi wametoka Kerala, na ingawa nilijua tangu Tanga kwamba Waomani wengi wanakisema, sikuwa nimekutana nao ana kwa ana. Niligeuka kwa furaha, nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Alinitazama kuanzia mtandio hadi viatu, akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha akauliza, "Wewe mgeni wa nani?"

Nikamjibu kwamba mimi si mgeni wa mtu, nimemfuata mume wangu aliyekuja kwa kazi.

"Ala," akasema, "basi huna mwenyeji."

Hakulisema kwa ubaya, nina hakika, na hata hivyo lilinichoma. Kwetu swali hilo huulizwa kila sura ngeni inayopita mtaani, Mama amewauliza hata mafundi wa paa, na jibu lake hueleza mambo mengi kwa mara moja: mtu huyu analala kwa nani, anakula chungu cha nani, na akizidiwa na homa usiku ni mlango gani utakaogongwa. Mimi nina kadi ya ukaazi yenye picha yangu, ninadhaminiwa na mume wangu, naye anadhaminiwa na mwajiri wake. Bibi yule hakuuliza habari za kadi. Siku tatu mfululizo nilikuwa nikiosha vyombo huku nikitunga majibu ambayo ningempa, mengine ya hasira, na jibu la haki lilinijia Jumatatu nikiwa kwenye foleni ya mkate: ningesema, "Mgeni wako, bibi." Nilisimama pale nikaona aibu ya kweli, kwa sababu mtoto yeyote wa pwani angelijua jibu hilo bila kufikiri, nami nimekaa miezi saba tu ugenini na tayari limenipotea.

Jana jioni ndipo nilipokumbuka kwamba mazungumzo hayakuishia pale. Wakati samaki wake akikatwa vipande aliniambia kwamba alizaliwa Malindi, Unguja, akaondoka akiwa msichana mdogo baada ya mapinduzi ya mwaka 1964, na kwamba alifika hapa miaka ya sabini, Sultani Qaboos alipokuwa amekwisha kushika utawala na kuwaita Waomani waliokuwa nje. "Nilikuwa mgeni wa ami yangu," alisema, "na ami mwenyewe sijapata kumwona." Kiarabu hakukijua zaidi ya kile cha msahafu, watu wakamwita Zinjibari katika nchi aliyoambiwa ni ya babu zake, na mwaka mzima alikuwa akilia jikoni. Binti yake aliniandikia namba ya simu nyuma ya risiti, akasema Ijumaa wao hupika pilau, tuje na watoto. Yote hayo niliyasikia, nikaitikia, nikayaweka kando kwa ajili ya neno moja.

Risiti niliipata kwenye mkoba, inanuka samaki. Nilipiga leo baada ya alasiri. Binti hakunitambua mara moja, kisha nikamsikia akipaza sauti kuelekea ndani ya nyumba: "Mama, mgeni wako kapiga!"

Basi kesho tunakwenda kwao Seeb baada ya sala, nami nitaendesha, na mkate wa kumimina uko jikoni unapoa. Nimeupika mara mbili, kwa sababu wa kwanza ulishika chini, na sitaki kuufikia mlango ule mikono mitupu.

Nilipompigia Mama kumpa habari hizi aliniambia, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba ule mnazi wa uani umezidi kuliinamia paa la jiko, na kwamba Kaka atautazama vuli zikiisha. Vuli bado hazijaanza, na Mama hupika humo kila alfajiri.