Hii "full" ilivyonitesa mpaka nikaielewa

Mimi ni weita, nipo Nungwi mwaka wa nne sasa. Kiingereza nilichotoka nacho Tanga kilikuwa cha kuungaunga, na neno nililojiona nalijua kuliko yote ni "full", si tunalo mtaani kila siku jamani, fulu tanki, fulu shangwe, kuna nini cha kujifunza hapo. Basi siku naitwa intavyuu ya kupandishwa cheo meneja ananiambia jieleze, nikakaza shingo nikasema "I am full of myself", mi namaanisha najiamini, najitosheleza. Akacheka mpaka akavua miwani. Kumbe nimemwambia mi ni mtu wa majivuno, najisikia! Cheo akapata mwenzangu.

Nikanunua daftari. Kila nikiisikia full kwa mgeni naandika sisi hapo tungesemaje, ndo nikagundua Kiswahili hatuna full moja, ndoo imejaa, mtu ameshiba, jina ni kamili, mwezi mpevu. Mgeni akikwambia "I'm full" ameshiba huyo, toa sahani. Full board nayo ni kulala na milo yote mitatu, half board kwa kawaida mchana anajitegemea, ukichanganya hapo bili inakuhusu wewe.

Kilichonisumbua zaidi ni ka-"of". Sisi tunasema ndoo imejaa maji, basi, hatuweki kitu katikati, so nilikuwa nabahatisha "full with water", kumbe with inaenda na filled. Full of, filled with, full of, filled with, nilikariri huku nafuta glasi mpaka wenzangu wakadhani nimechanganyikiwa. Halafu spelling: ikisimama peke yake ina L mbili, ikining'inia mkiani mwa neno inabaki na moja, careful, beautiful, spoonful. Mi nilishaandika kibao BE CAREFULL kikakaa mlango wa choo mwezi mzima na hakuna alosema kitu.

Sahivi niko vizuri ila bado inanipiga chenga. Juzi asubuhi kwenye chai bibi mmoja Mwingereza kaniambia mjukuu wake "is full of beans", nikajua dogo kashiba maharage, nikabeba bakuli. Kumbe maana yake mtoto kachangamka, na maharage yenyewe ndo kwanza alikuwa anayaanza. Alilia yule mpaka jikoni wakatoka kuchungulia.