Nilivyoacha kuibembeleza SSH nikaibana ripoti

Usiku wa kufunga hesabu za mwezi, seva yangu ya Ubuntu 22.04 yenye RAM ya GB 4 ilikataa kunifungulia. Ping, ujumbe mdogo wa kuuliza kama seva ipo hewani, ilirudi vizuri, milisekunde zilezile za kila siku. SSH, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, ikaomba nenosiri, nikaliandika, halafu kimya. Karibu dakika 6 nimekodolea macho kishale kinachopepesa, ndipo alama ya dola, ya kuandikia amri, ikajitokeza. Nikaandika `uptime`: mzigo 71, yaani kazi zipatazo 71 zikikimbia au kusubiri, kwenye seva ya prosesa 2.

Nikailaumu CPU. Nikaipa sshd, programu ya seva inayopokea SSH, nice ya -10, yaani ipewe CPU kabla ya wengine, na mwezi uliofuata yakanikuta yaleyale. Safari hii nikafungua `/proc/pressure/memory`, faili linaloonyesha kazi zinavyokwama kwa kukosa kumbukumbu (RAM). Mstari wa `full` ulionyesha avg10 zaidi ya 60, yaani katika sekunde 10 zilizopita, zaidi ya asilimia 60 ya muda kazi zote zilikuwa zimekwama kwa pamoja zikisubiri kumbukumbu. Programu ya ripoti ilikuwa imemeza RAM, na kerneli, kiini cha mfumo, ikawa inatupa kutoka RAM hata vipande vya bash, programu inayopokea amri zangu, kisha kuvisoma upya kutoka diski. Ping haikuguswa kwa sababu kerneli huijibu yenyewe, bila kuamsha programu yoyote.

Basi nikaigeukia ripoti. Kwa `systemctl edit ripoti.service`, amri ya kuhariri mipangilio ya huduma, nikaweka MemoryHigh=2G, MemoryMax=2500M na CPUWeight=20 (fungu lake la CPU), wakati kawaida ni 100. Ikivuka kiwango cha kwanza inapunguzwa kasi. Ikigonga cha pili na hakuna kumbukumbu inayoweza kuachiliwa, inauawa. Mimi naona heri ripoti ife, niingie niianzishe upya, kuliko kufungiwa nje ya seva yangu.

Kilichonilia jioni nzima ni hiki: ukishaingia, bash yako haimo tena ndani ya ssh.service, inahamishiwa user.slice, kundi la programu za watumiaji. MemoryMin, kiasi cha RAM kisichonyang'anywa, niliyokuwa nimeipa ssh.service haikuifikia. Tena hata hiyo haina nguvu mpaka system.slice, kundi la huduma za mfumo lililo juu yake, nayo ipewe. Nikaweka MemoryMin ya 200M kwa user.slice, na 50M kwa system.slice na ssh.service.

Jumamosi mchana nikaiwasha ripoti makusudi, nikaingia kwa simu. Nenosiri, kisha alama ya dola ndani ya sekunde 2. Ripoti ikasota dakika 52, na muda wote huo nilikuwa ndani, naitazama kwenye htop, programu ya kuonyesha kazi zinazoendelea.